Mkia Mmoja, Nyumba Mia Mbili

Nyumba ya saba walinifungia mlango mara tatu, na mara ya tatu nilisikia komeo likishuka.

Sasa we fikiria. Mimi nagawa kitu cha bure. Sijaja kukagua choo, sijaja kuandikisha watu wa kuchimba mtaro. Nimevaa fulana ya mradi imeandikwa NAMBA TELE mgongoni, kishikwambi mkononi, skana shingoni, jasho mpaka kwenye ndala. Nikagonga tena.

"Mama Tumsi! Ni Msengi, wa nyumba ya pili! Dakika mbili tu!"

Komeo halikusogea. Ila mtoto nilimwona dirishani. Msichana wa miaka sita hivi, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye mashavu, na hiyo ni saa saba mchana, jua la Kiomboi linakaanga alizeti zikiwa bado shambani.

"Hatuhitaji," sauti ya mama yake ikatoka ndani.

"Ijumaa namba ya zamani inazimwa. Mtakaa bila mtandao kabisa."

"Basi izimwe."

Hapo ndo nikaanza kumshuku. Mtu anayekataa cha bure ana anachoficha, au anajua kitu ambacho wewe hukijui. Sikupenda hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Ngoja nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Kitu chochote kinachoongea mtandaoni lazima kiwe na namba, ili jibu lijue pa kurudi. Namba za zamani zilikuwa fupi, jumla yake bilioni nne na ushee. Waliozipanga walifanya kama mtu anayekodi viti vya harusi kwa kuhesabu ndugu wa bwana harusi peke yao. Mimi sijazaliwa, zilishakwisha. Ndo ukaja ule mpango wa namba moja kwa nyumba kumi, na kisanduku chake kinakaa kwa mjumbe. Kwetu mtaa wa Mashineni mjumbe ni Mama Gunda, na kisanduku kipo juu ya kabati lake la vyombo, amekivisha kitambaa cha kufuma kama vile ni keki.

Ukiuliza kitu, kisanduku kinajiandikia pembeni kwamba hii ni ya nyumba ya tano, kinatoka kuuliza kwa namba ya wote, jibu likirudi kinalipeleka nyumba ya tano, halafu kinafuta. Huko nje hakuna anayekujua wewe. Wanajua nyumba kumi za Mashineni, basi. Mtu akitukana huko mtandaoni, akidanganya kwenye mtihani, wanampigia Mama Gunda: nani kafanya? Na Mama Gunda tangu nimjue ana jibu moja: "Sisi." Akishakata simu ndo anakuja kukutafuta na mwiko.

Kasoro ya kisanduku ni hii: wa ndani anatoka, wa nje haingii.

Mwaka jana mwezi wa tatu mama yangu alianguka jikoni. Ana kifaa kifuani, kidogo kama kifuniko cha soda, kinausukuma moyo ukisahau kazi yake. Siku hiyo kifaa chenyewe kikachanganyikiwa. Daktari huko hospitalini akaona, akagonga mtandaoni ili aingie akipange upya. Kisanduku kikamuuliza: nyumba ipi? Hajui. Akagonga mara kumi na moja. Dakika arobaini mama yuko chini, ugali unaungua, mpaka Mzee Kidua wa nyumba ya nne alipokuja kuuliza kama mbuzi wake kaingia kwetu. Ni mbuzi wa Mzee Kidua aliyemwokoa mama, na Mzee Kidua hajaacha kutukumbusha mpaka leo.

Kwa hiyo namba ndefu zilipokuja, na Mradi wa Namba Tele ukatangaza unataka vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaojua kuandika na wenye miguu, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Bosi wetu, Bi Kisangi, alituambia kwenye semina: "Hesabuni alizeti yote ya mkoa huu punje kwa punje, kila punje ipeni namba, na hamjagusa hata mshono wa gunia." Kila nyumba inapewa kichwa cha namba. Kila kitu ndani ya nyumba kinapata mkia, na mkia unatokana na muhuri wa kiwandani wa kitu chenyewe. Kichwa kinasema uko wapi. Mkia unasema wewe ni nani. Ukihama, kichwa kinabadilika, mkia unakufuata mpaka kaburini. Na mtu wa nje mwenye namba yako nzima anagonga mlangoni kwako moja kwa moja.

Mimi niliposikia hapo sikusikiliza kingine. Daktari anaingia kwa mama bila kuulizwa nyumba ipi. Nikasaini.

*

Jumanne nikarudi nyumba ya saba, ila sikugonga.

Nilikuwa nimelala nikiwaza. Huyu mama kahamia mwaka jana na begi moja na mtoto. Hasemi katoka wapi. Kipaimara cha kwa Mama Gunda, ilipotoka kamera, aliingia jikoni akaanza kuosha sufuria ambazo hakuzipikia. Na kile kitambaa cha mtoto, kila siku, hata kwenye joto. Nikasema hapa kuna mali ya watu.

Skana yetu inasoma mihuri mpaka hatua kumi, na ukuta wa tofali la kuchoma si kitu kwake. Nikasimama pale kwenye kona yao, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa na ndala. Skana ikalia. Vitu viwili tu ndani: simu ya kitochi, na kingine kikaandika KIFAA CHA KUSIKIA, KIMEPANDIKIZWA. Mkia wake unaishia na tisa, tisa, sita.

Masikio. Mtoto yule ana masikio ya mashine, kipande kimezama ndani ya mfupa wa kichwa. Kitu cha gharama namna hiyo, kwa mama anayechambua mbegu kwenye mashine ya kukamua!

Kishikwambi kina kitabu cha mihuri, kinachotaja kila muhuri ni wa nani. Sikutakiwa kukigusa bila sababu, lakini sababu nilijipa mwenyewe. Nikaandika ule mkia, nikabonyeza. Jibu likaja hata sijapumua:

MWENYE KIFAA: RENATUSI M., KAHAMA. KIFAA KIMEPOTEA. MWENYE KIFAA AMEULIZA MARA 214. SWALI LAKO NA KATA ULIYOPO VIMETUMWA KWAKE. AHSANTE.

La kwanza nilichekelea. Nimemkamata mwizi! Halafu nikasoma tena pale mwisho, na pale kwenye mia mbili na kumi na nne. Mtu aliyeibiwa anauliza mara tano, mara kumi, anakata tamaa. Huyu alikuwa anauliza kama mtu anayepiga mswaki.

*

Asubuhi yake nikamfuata bombani. Kulikuwa hakuna mtu mwingine, ndoo yake tu inajaa.

"Mama Tumsi, shikamoo."

"Marahaba. Namba sitaki, nimeshasema."

"Sijaja kwa namba. Masikio ya mtoto si ya kwenu."

Akafunga bomba. Ndoo haijajaa. "Nani kakwambia?"

"Kitabu cha mihuri. Nimeuliza jana."

Nilitegemea atakana, au atanitukana. Alikaa chini. Palepale kwenye tope la bomba, na kanga safi.

"Umeuliza," akasema. "Msengi, umeuliza kwa jina la wapi?"

"Kwa kata."

"Basi anakuja."

Ndo akanieleza, na alieleza haraka haraka kama mtu anayetoa vitu kwenye nyumba inayoungua. Renatusi ni mume wake. Masikio yalinunuliwa kwa jina lake, kwa hiyo kwenye karatasi ni mali yake, na mwenye mali anaweza kuyazima akiwa mbali, kwa simu. Mwanzoni walipogombana alikuwa anamzima mtoto, anasema asisikie maneno ya wakubwa. Hata Mama Tumsi aliona ni hekima. Baadaye akawa anamzima mtoto akilia. Baadaye akawa anamzima mtoto kila mama yake akichelewa kurudi sokoni.

"Mara ya mwisho alimzima siku nne," akasema. "Tumsifu alidhani mimi ndo nimeacha kusema naye. Alikuwa ananishika mdomo, anaufungua kwa vidole."

Nikakosa pa kuangalia.

"Hapa kwenu hawezi kuingia," akaendelea. "Akigonga, kile kisanduku cha Mama Gunda kinamwuliza nyumba ipi. Mwaka mzima kinamwuliza nyumba ipi. Wewe na fulana yako ndo unakuja kuleta mlango."

"Si ukatae tu namba? Abaki bila."

"Kila miezi miwili yanatakiwa yatoke mtandaoni yenyewe kuiomba kliniki iyapange, na yamebakiza siku tatu. Yakipitiliza sauti zinakuwa kama bati, halafu zinakufa. Nilishaamua. Heri asisikie kwa sababu ya Mungu kuliko kwa sababu ya kidole cha yule."

Akajitwisha ndoo nusu, akaondoka. Na mimi, nisikufiche, bado sikumwamini yote. Nilijuaje? Kila mtu ana hadithi yake nzuri bombani. Labda huyo Renatusi ni baba wa watu kaibiwa mtoto, anauliza kila siku kwa uchungu. Nilitembea mpaka kwa Mama Gunda nikiwa nashuku huku na huku, nikimshuku na yule aliyenivalisha fulana.

*

Alhamisi mashine ya kukamua ilisimama, umeme hakuna, tukakaa kikao pale uani juu ya magunia ya mashudu. Nyumba tisa. Mama Tumsi hakuja, ila alitoa ruhusa isemwe.

Nilipomaliza kueleza, Mzee Kidua akasema, "Mimi nilishasema tangu Jumatatu. Mtu anataka kumpa mbuzi wangu namba, ya nini? Mbuzi anajijua."

"Mzee, mbuzi wako mwenyewe hakujui," Mama Gunda akamkata. "Msengi, sema sawasawa. Huo mlango wa kuingilia daktari kwa mama yako, ndo huohuo wa kuingilia yule bwana kwa mtoto?"

"Ndo huohuo. Hauna ufunguo. Wamesema ufunguo utakuja awamu ya pili."

"Awamu ya pili," Mama Gunda akarudia, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Na kisanduku changu hatuwezi kukiacha?"

"Namba yake wanaichukua kesho saa sita usiku. Kinabaki pambo."

Wakaanza kuzungumza wote. Mwingine anasema mwanamke arudi kwao. Mwingine anasema tumjue kwanza. Mama yangu aliweka mkono kifuani, ana hiyo tabia tangu aanguke. Na mimi nilikuwa na kitu mdomoni tangu jana, nilikuwa nakitafuna nisikiteme.

Ni hivi. Semina ya Bi Kisangi ilikuwa na ukurasa wa tisa. Kitu kikuukuu kisicho na muhuri, mgawaji anakiandikia mkia kwa mkono, wowote anaotaka. Kengele za mbuzi za betri, pampu, redio za zamani, mradi kinaongea mtandaoni. Na mkia mmoja ukikaa nyumba mbili haugongani, kwa sababu vichwa ni tofauti. Namba ni nyingi mno, mashine wala haishtuki. Kwa hiyo ningeweza kuyaandika masikio ya Tumsifu kama redio kuukuu, mkia wa kubuni. Kliniki ya masikio haiangalii mkia, inataka neno la siri, na neno analo mama yake. Halafu ule mkia wa kweli, unaoishia na tisa, tisa, sita, nikaupachika kwenye kengele ya Mzee Kidua. Na pampu ya kanisa. Na redio ya kila nyumba kwenye eneo langu. Renatusi akiutafuta, unamwitikia kila mahali.

Sasa chini ya ukurasa huohuo imeandikwa kwa wino mzito: USIRUDIE MKIA. Mgawaji akikutwa, vichwa vyote alivyogawa vinafungwa siku arobaini vikaguliwe.

Vyote. Na cha mama yangu kimo. Na kisanduku cha zamani, ambacho angalau kilikuwa kinatoa habari nje, hakipo tena. Siku arobaini moyo wa mama uko peke yake porini.

Nikayasema. Nilitaka mtu mzima mmoja aseme acha, nipumzike.

Wote wakamwangalia mama.

"Mimi nilisubiri chini dakika arobaini," mama akasema. "Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia ugali unaungua, nikasikia yule mbuzi. Nilijua dunia ipo." Akashusha mkono. "Yule mtoto kasubiri siku nne hasikii hata mbuzi."

"Mama, wakigundua..."

"Msengi, we ni mgawaji au si mgawaji? Gawa."

Mama Gunda akainuka, akapangusa mashudu kwenye kanga. Jioni ileile alipanda baiskeli akawapitia wajumbe wenzake kumi na tisa. Sijui aliwaambia nini. Ninachojua Ijumaa nilipopita, kila nyumba ilikuwa imetoa redio nje, imeiweka kwenye kigoda, inanisubiri. Nyumba mia mbili. Mkia mmoja. Vidole viliniuma mpaka nikawa naandika kwa kifundo. Mzee Kidua alileta mbuzi kumi na wanne kwa mstari, kengele shingoni. "Waandike wote. Ila yule mweupe mwandike vizuri, ni mama yao."

Nyumba ya saba niliifanya ya mwisho. Safari hii komeo lilipanda. Tumsifu alivua kitambaa mwenyewe. Nyuma ya kila sikio kulikuwa na duara dogo jeusi, limeshika ngozi kama kupe. Nikaandika: redio, kuukuu, haina muhuri. Kliniki ikaingia, ikapanga, ikatoka. Mtoto akakunja uso, akasikiliza, akaniambia, "Ndala zako zinapiga kelele."

Saa sita usiku taa ya kisanduku cha Mama Gunda ikazimika. Hakukivua kitambaa.

*

Renatusi alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Nilitegemea jitu. Ni bwana mwembamba, shati limepigwa pasi, sauti ya upole kama ya mwalimu wa kwaya. Aliuliza kwa mjumbe ni wapi, akaja akamwamkia Mama Gunda vizuri tu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi, fulana nimeigeuza ndani nje.

"Mama, mimi natafuta mwanangu," akasema. "Ana masikio ya mashine. Mwaka mzima sijamwona. Nataka tu nimwone, nijue kama anakula."

Ilikuwa inaumiza kumsikia, kweli. Mimi roho ilianza kunisuta. Nikasema Msengi, umeficha mtoto wa watu.

"Pole baba," Mama Gunda akasema. "Una picha?"

"Sina haja ya picha. Simu yangu inamjua." Akaitoa. Akatafuta. Nikaona uso wake unabadilika. "Hii nini? Inasema yuko hapa. Yuko na pale. Yuko..." Akaanza kuhesabu kwa kidole, akaacha. "Yuko kila mahali."

"Mtoto mtembezi," Mama Gunda akasema.

Hakucheka. Aliangalia nyumba, akaangalia simu. Halafu, bila hata kutuaga, akabonyeza.

Redio ya kwa jirani, iliyokuwa inasoma matangazo ya vifo, ikakatika katikati ya jina la marehemu.

Akabonyeza tena. Pampu ya kanisa, tuliyoizoea mpaka hatuisikii, ikanyamaza, na tukaisikia. Akabonyeza, akabonyeza. Kengele za mbuzi wa Mzee Kidua zikafa moja moja, na mbuzi, wanaoongozwa na hizo kengele, wakasimama barabarani wakiangaliana. Watu wakaanza kutoka. Nani kazima redio? Nani kagusa pampu, mimi nina ndoo sita pale? Wakafuata macho ya wenzao mpaka kwenye uwanja wa Mama Gunda, wakasimama kwenye michongoma. Wakamwona bwana mwembamba, jasho linamtoka, kidole kinagonga kioo kama anakamua chunusi.

Mama Gunda alimwacha mpaka mtaa mzima ukawa kimya. Kweli, hata kuku walikuwa wamenyamaza.

"Baba," akasema, "unamtafuta mtoto, au unamzima?"

Kidole kikasimama.

Nilimwangalia usoni. Nilitaka nione aibu, au hasira, kitu chochote. Alikuwa anafikiri tu, kama mtu aliyekosea hesabu anatafuta wapi alisahau kubeba moja. Akaangalia wale watu mmoja mmoja, akapita na mimi, akarudi, akaniangalia shingoni. Skana. Nilikuwa nimesahau kuivua.

"Nitajua nani kafanya hivi," akasema kwa ule upole wake, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Mzee Kidua akamfuata nyuma na fimbo mpaka barabara kuu, anadai eti anachunga mbuzi.

Na nyumba ya saba, mlango umefungwa, nikasikia mtoto anaimba. Vibaya, hajui tuni. Anaimba tu.

*

Simu ya Bi Kisangi iliingia Jumapili watu wakitoka ibadani. Nilikuwa kwa Mama Gunda, mama yangu kakaa mlangoni anachambua choroko, Mama Tumsi anamsaidia.

"Msengi, mkia mmoja kwenye nyumba mia mbili," Bi Kisangi akasema. Hakusalimia. "Kuna mtu kalalamika. Mimi nataka kukusaidia, mwanangu. Ni mashine imekosea, au ni mtu kakutuma? Nitajie tu jina la aliyekutuma na namba ya kifaa chenyewe. Nikiandika jina moja, nafunga namba moja. Nisipoandika, nafunga zote."

Ona hiyo. Namba moja. Nilimwangalia mama. Alikuwa anapuliza makapi, hajui tunaongea nini, mkono mmoja kifuani. Nikamwangalia Mama Tumsi. Yeye alijua. Aliacha kuchambua. Hakuniomba, na hilo ndo lilinimaliza. Aliangalia ungo tu kama mtu aliyezoea.

Mdomo wangu ulifunguka. Sijui ungesema nini. Mpaka leo sijui, na najishuku.

Mama Gunda akainyakua simu mkononi mwangu.

"Haloo. Ni mjumbe hapa. Unauliza nani kafanya?"

Bi Kisangi akasema kitu.

"Sisi."

Nikasikia sauti ya bosi imepanda. "Sisi nani, mama? Hakuna tena nyumba kumi. Kila mtu sasa ana namba yake."

"Nimesikia," Mama Gunda akasema. "Basi chukua kalamu, uandike zote."

Akakata. Akaniangalia, na nikajua mwiko uko wapi, lakini hakuuendea.

Dakika haikuisha. Kijitaa cha kijani kwenye shingo ya mama, kile kinachoonyesha hospitali inamwona, kikawa chekundu, halafu kikazimika. Mama akakigusa. "Ndo hivyo?"

"Ndo hivyo, mama. Siku arobaini."

"Si nyingi," akasema, akarudi kwenye choroko zake.

Zamu walizipanga palepale, kama za kukaa na mzazi. Nyumba kumi, kila nyumba siku moja, mtu asimwache mama peke yake hata akienda chooni. Mzee Kidua alichukua Jumatano, akasema atakuja na yule mbuzi mweupe kwa sababu ana uzoefu.

Siku ya kwanza waliitaka wa nyumba ya saba. Mama Tumsi alileta mkeka, na Tumsifu akaja bila kitambaa. Hakuna aliyemwelekeza. Alimpandia mama mapajani, akalaza sikio lake la mashine kifuani, pale penye kile kifuniko cha soda, akafumba macho.

"Unasikia nini?" mama akamuuliza.

Mtoto akauiga moyo kwa kiganja kwenye ubao wa mlango. Tu. Tu. Tu.

Mimi nilikaa kizingitini na fulana yangu ya mradi, sasa naifanya kitambaa cha kufutia jasho. Jua lilikuwa bado liko juu, redio zote zimekufa, mtaa mzima unasikia kile kiganja. Tu. Tu. Kikachelewa. Nikasimama.

"Kaa chini, Msengi," Tumsifu akasema bila kufumbua macho. "Umenichanganya."

Tu, akapiga. Tu.